Mzee Kewal na Timu Isiyo Yake

Siku ya kwanza kumwona Mzee Kewal ilikuwa Jumatano ya mwezi wa kumi, saa nane mchana, na kulikuwa na mvua ile nyembamba isiyonyesha sawasawa wala kukatika. Nilikuwa langoni, kwenye uwanja wa michezo wa chuo kikuu kimoja, huku Great Barr, Birmingham, ambako kelele za magari ya barabara kuu ya M6 zinasikika mchana kutwa. Nilikuwa nimeanza ulinzi hapo mwezi mmoja tu uliopita. Alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, Singasinga mrefu mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha buluu, shingoni amejizungusha skafu ya chuo yenye mistari ya maruni na njano. Alinipungia mkono kama mtu tuliyezoeana, akapita. Viti vyenye paa vilikuwa vitupu. Yeye akaenda mpaka kona ya mbali kabisa, akasimama kwenye mvua kando ya ua wa waya.

Hapo hapo nikamtilia shaka. Mtu mzima akinyeshewa huku paa analiona, hukimbilia penye paa. Asipokwenda ana sababu.

Hapa Uingereza vyuo vikuu hucheza Jumatano mchana, kwa kuwa mchana huo wanafunzi hawana masomo. Timu yetu ya wavulana ya mpira wa magongo ilikuwa ya pili kutoka mwisho kwenye daraja lake. Waliokuja kuitazama ungeweza kuwapakia wote kwenye teksi moja: msichana wa huyu, mama wa yule, na mbwa. Kwa hiyo mzee wa miaka sabini na ushee, anayekuja peke yake kila wiki na kupiga kelele kuliko wote, hakuweza kupita bila kuonekana. Wakikosa bao alishika kilemba kwa mikono miwili. Wakifungwa alimgeuzia mwamuzi mgongo, kama watu waliokosana nyumbani.

Wiki ya pili nilimuuliza kwa Kiingereza kama ana mtoto kwenye timu. Mimi si mtu wa maneno mengi, na swali hilo nilikuwa nimelipanga tangu asubuhi. Akasema ana mjukuu. Nikaenda kutazama orodha ya wachezaji iliyobandikwa kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo. Hapakuwa na Singh, jina la Masingasinga, hata mmoja. Wiki ya tatu nilimsikia akimwambia mama wa kipa kwamba alisoma chuo hiki zamani. Mjukuu ameyeyuka, sasa msomi ni yeye mwenyewe.

Nyumbani, Erdington, nilimweleza mke wangu Nimo. Nimo hujitolea siku mbili kwa wiki kwenye duka la mitumba pale barabara kuu ya maduka. Akasema skafu kama hiyo waliiuza mwezi wa nane, kwa babu mmoja wa Kisingasinga aliyeinusa kwanza kabla ya kuivaa.

"Sasa kosa lake nini?" akaniuliza. "Kununua skafu?"

Nikamwambia mtu asiyesoma mahali, asiye na mtoto mahali, anavaa skafu ya mahali hapo kwa nini. Nimo akasema kaka zake kule Eastleigh, Nairobi, wamegombana miaka ishirini juu ya timu za mpira za Uingereza ambazo hazijui kama wao wamezaliwa, na mmoja alikataa kwenda kwenye harusi ya mwenziwe. Lakini mimi hata kule sikuwahi kuwaelewa. Tulikuwa tukitazama mpira kwenye kibanda cha video, wote wanaruka, mimi natazama nani anaingiza mkono kwenye mfuko wa nani.

Kilichonitia wasiwasi hasa ni simu. Mwezi wa kumi na moja, siku moja nilizunguka kukagua ua, nikapita nyuma yake. Alikuwa anaongea na simu, na alikuwa anaongea Kiswahili. Kiswahili cha Kisumu, kisicho na haraka. Mimi nimekulia Isiolo, na Kiswahili nilikijua tangu utoto, nikakisoma shuleni mpaka darasa la saba, ambapo masomo yangu yaliishia. Lakini uso wangu ni wa Kisomali. Alinitazama, akaendelea bila kushusha sauti. Sikumshangaa kwa hilo. Mimi na Nimo tukiwa kwenye basi tunawasema watu kwa Kiswahili vile vile, kana kwamba Birmingham nzima ni viziwi.

"Mbili bila," alikuwa akisema. "Saba msogeze mbele. Nne rudi. Kumi na moja bado yuko pale pale, huyo amelala. Haya, tatu bila. Ndiyo, tatu. Usinitukane mimi."

Lennox, msimamizi wetu wa ulinzi, alikuwa ametukalisha mwezi wa tisa akatueleza kuhusu watu wa kamari. Alisema siku hizi ng'ambo watu wanabeti kwenye chochote, hata michezo ya wanafunzi, na wenye mchezo huo hutuma mtu uwanjani apige simu kutoa matokeo kabla hayajafika kwenye mtandao. Tuangalie mtu aliye peke yake, anayesimama mbali na wenzake, simu sikioni. Nikamtazama Mzee Kewal kwenye kona yake. Yote matatu alikuwa nayo, na juu ya hayo uongo wa mara mbili.

Nilimsikiliza Jumatano tatu. Nilijifanya napanga koni, nafunga lango la nyuma, naokota karatasi. Sikumwambia kwamba naelewa. Kisha nikaandika ripoti, Nimo akinisaidia maneno ya Kiingereza kwa uso uliokunjamana. Niliandika habari za mjukuu, za kusoma, za skafu, za simu na zile namba. Lennox alifurahi. Wiki iliyofuata akanipa barua ya kumkabidhi: asiingie uwanjani mpaka asikilizwe kwenye kikao Ijumaa, na kikao kikiona hafai, asikanyage tena hapo. Nje ya ua kuna safu ya miti minene. Anayefungiwa nje haoni kitu.

Siku hiyo alikuwa ameshapita kabla sijafika zamu. Ikabidi nimfuate konani. Nilipokaribia nilimsikia akiiambia simu:

"Ngoja kidogo. Yule soja Msomali anakuja. Anatembea kama mtu amebeba mayai."

Nikasimama mbele yake. Barua ilikuwa mkononi, na Kiingereza nilichokipanga kikanitoka kichwani.

"Mzee," nikasema, "nasikia Kiswahili."

Aliishusha simu taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi na moja."

"Na umenyamaza."

"Nimenyamaza."

Akaisoma barua mpaka mwisho, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Hakubisha. Tulitoka pamoja mpaka kituo cha basi, na basi lilikuwa halijafika. Ndipo akaanza kunieleza, akitazama barabara badala yangu.

Alikuja Birmingham mwaka wa sabini na nne, akiwa na miaka ishirini. Shule aliiacha darasa la saba, akaingia gereji ya baba yake Kisumu. Hapa alipata kazi kwenye kiwanda cha vyuma vya breki, na akakaa humo miaka ishirini na nane. Wakati huo kiwanda kikubwa kilikuwa na uwanja wake wa michezo kwa ajili ya wafanyakazi, na huu ndio uwanja wenyewe. Jumamosi walicheza magongo: Masingasinga wa Kenya na Uganda, Wajamaika wawili, na kipa Mwingereza aliyekuwa dereva wa kreni. Mzee Kewal alikuwa winga wa kushoto. Kiwanda kikafungwa. Uwanja ukaota magugu miaka mingi, watu wakatupa magodoro humo. Miaka mitatu iliyopita chuo kikaununua, kikatandika nyasi za plastiki, kikaweka ua na lango na mlinzi.

"Siku ya kwanza nilikuja kuwachukia," akasema. "Nilitaka nione wamefanya nini na uwanja wetu, halafu nirudi nyumbani na hasira yangu. Dakika ya kumi, yule winga wao akapata mpira pale konani. Akampita mtu, akapiga nje. Nikasikia mtu anapiga kelele. Kutazama, ni mimi."

Nikamuuliza kwa nini basi alidanganya. Akasema ukiwaambia watu ulisoma hapa wanatabasamu, maneno yameisha. Ukiwaambia ulifanya kazi kiwandani wanaanza kukuhurumia, au wanaondoka kabla hujafika katikati. Na mjukuu anaye kweli. Yuko Leicester, gongo hajawahi kulishika.

Simu ilikuwa ya kumpigia Odera. Odera alikuwa kipa wao Kisumu enzi za ujana. Mwaka jana alianguka bafuni akavunjika nyonga, na sasa anashinda ndani. Walijaribu kutumia video, ikawa inakatika. Basi Odera akachora uwanja kwenye kadibodi, akaweka visoda vya chupa ishirini na viwili, kila kimoja na namba yake, na Mzee Kewal humwambia nani amesogea wapi.

"Na yeye anamshangilia nani?" nikauliza.

"Hao hao. Kuliko mimi. Wakifungwa ananilaumu, anasema sipigi kelele vizuri."

Basi lilikuwa linakuja. Nilitaka kumwamini, lakini hadithi nzuri kila mtu anaweza kuitunga akiwa na barua mfukoni. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu.

"Waulize watu wa nyasi, maji yanatuama kona gani," akasema akipanda. "Chini pale kuna mfereji wa matofali wa kiwanda. Niliwahi kuangukia humo, nikapasua goti."

Kesho yake niliwauliza. Walisema kona ya mbali, ile ile anayosimama, wameifukua mara mbili na hakuna anayejua maji yanatoka wapi. Kuhusu uwanja, basi, nilimwamini. Kuhusu simu bado nilikuwa nusu. Hata hivyo nilikwenda kwa Lennox nikamwambia nataka kuirudisha ripoti yangu. Akasema karatasi imeshapanda juu. Kisha akaniambia kwamba mlinzi anayefuta ripoti yake huwa amepewa kitu, akanitazama mfuko wa koti. Nikaona jinsi inavyokuwa kutiliwa shaka.

Ijumaa asubuhi tulikaa wanne ofisini: meneja wa uwanja, ambaye ni mama wa Kiingereza mwenye miwani ya kamba, Lennox, Mzee Kewal, na mimi. Mzee alikuwa amevaa suti. Skafu hakuivaa. Alieleza mambo ya kiwanda kwa Kiingereza, na meneja akasikiliza kwa heshima, lakini kalamu yake ilikuwa kwenye neno simu. Mwishowe akasema jambo rahisi ni kumpigia huyo rafiki hapo hapo. Mimi nitafsiri, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Mzee Kewal akaiweka simu katikati ya meza, sauti imefunguliwa.

"Kalasinga, leo si Jumatano," ikasema simu.

Nilimsalimu. Nikamwambia mimi ni Tahlil, mlinzi wa uwanja, tuko ofisini na wakubwa, na wanataka kujua kama anamfahamu Bwana Kewal Singh.

Kisha sauti ikarudi, imebadilika, imekuwa ya mtu mzee sana.

"Simjui."

"Mzee, umemwita sasa hivi."

"Nimesema Kalasinga. Makalasinga ni wengi. Mimi nauza mkaa tu, na hii simu ni ya jirani."

Mzee Kewal akafunika uso. Lennox akauliza amesema nini, nami nikatafsiri kama yalivyo, kwa kuwa sikuwa na akili ya kufanya vingine. Meneja akaweka kalamu chini. Mimi nilimwelewa Odera. Kule kwetu askari akikuuliza habari za rafiki yako, jambo la kwanza ni kutomjua. Mtu huyo alikuwa anamwokoa mwenzake, na kila neno lilikuwa linamtoa uwanjani. Nilijaribu kumweleza meneja hivyo, Kiingereza kikanikwama njiani. Lennox akasema tumeshasikia ya kutosha.

Mzee Kewal hakumbembeleza. Aliinama juu ya simu, akasema kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Odera. Jumatano utamweka nani winga wa kushoto?"

"Simjui Odera," ikasema simu. Halafu: "Kumi na moja."

"Kumi na moja ameumia kifundo cha mguu."

"Ameumia lini?"

"Juzi kwenye mechi, mimi nikiwa nimeshatoka. Kapteni wao ameniandikia."

"Leo Ijumaa, na ndiyo unaniambia? Wewe Kalasinga ni mtu wa namna gani? Nimemwacha pale mezani siku tatu, mpaka kisoda chake nimekisugua. Sasa nani atakimbia upande ule? Tisa? Tisa ni mzito kama ng'ombe wa maziwa."

Nikatafsiri yote, na ng'ombe pia. Meneja alijizuia, midomo ikamsaliti. Akaniambia nimuulize kama yeye au mtu anayemjua anaweka pesa kwenye mechi hizi. Odera alicheka mpaka akakohoa.

"Mwambie huyo mama watoto wake wamefungwa mechi saba. Mwenye akili gani ataweka shilingi hapo? Mimi nawapenda tu. Sijui kwa nini. Nimemwomba Mungu aniondolee, hajaniondolea."

Hilo nililitafsiri polepole, nikitafuta maneno. Kisha meneja akaniuliza mimi, aliyeandika ripoti, naona nini sasa. Lennox alikuwa ananitazama. Nikasema nilisikia maneno yote sawasawa na nikaelewa yote vibaya, na kosa ni langu. Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa kwa Kiingereza.

Uamuzi ulikuwa arudi, na simu yake aje nayo, ila kila Jumatano asaini langoni na avae kadi shingoni. Kadi ilikuwa na neno moja kubwa, la kusema yeye ni mgeni. Aliisoma, akaigeuza upande usio na maandishi, akaivaa hivyo. Kwenye ngazi nilimsubiri aseme kitu. Alishuka ameshika chuma, hakugeuka.

Alirudi Jumatano iliyofuata, na zote zilizofuata. Alisaini, nikampa kadi, akaigeuza, akaenda konani kwake. Mvua, upepo, siku moja theluji. Alipiga kelele kama zamani. Lakini nikipita kwenye mzunguko wangu aliibana simu kifuani mpaka nitoweke, na nilipokuwa mbali ndipo niliposikia saba amesogea na nne amerudi. Nilibadilisha njia yangu nisipite upande ule. Nimo akasema nimpelekee chai. Nilimpelekea. Akashukuru kwa Kiingereza.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa mwezi wa tatu. Walihitaji ushindi wasishushwe daraja, na wakashinda moja bila, bao likitoka upande wa kushoto. Wachezaji walimkimbilia kwenye ua wakagonga waya kwa magongo, naye akawainulia simu ili Kisumu isikie. Mimi nilitazama kutoka langoni.

Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba mwezi wa nne nahamishiwa kituo cha mabasi Digbeth. Alipokuja kurudisha kadi nilimweleza. Nikamwambia pia kwamba ile ripoti bado inanikaa vibaya, na kwamba nafurahi timu yake imebaki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa bado ana jasho usoni kwa zile kelele. Kisha akaniwekea kadi mkononi, akaniambia:

"Soja, mimi nimeulizwa kwa nini nashangilia mpaka nikapelekwa ofisini. Wewe umesimama hapa msimu mzima, kila Jumatano, na sijakusikia ukimshangilia mtu hata mara moja. Mbona wewe hakuna aliyekuuliza?"